Doti Isiyokatwa

Digna alimwona Dionisi kabla hajamtambua, na kichefuchefu chake kilianzia hapo.

Alikuwa juu ya dungu katikati ya shamba la mama yake, anaamia ndege. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, una ile rangi ambayo si kijani tena na bado haijawa dhahabu, na kwelea walishuka kwa makundi kutoka upande wa mto. Tangu alfajiri alikuwa akirusha mabonge ya udongo mpaka bega limekufa ganzi. Ndipo akaona kitu cheupe kinakuja juu ya tuta. Kanzu. Juu ya kanzu kofia nyekundu yenye shada, na juu ya kofia mwavuli mweusi umefunguliwa, na jua lenyewe hata halijachoma.

"Karani wa boma," akajisemea. "Amekuja kuhesabu vibanda vya kodi."

Kumbe ni Dionisi wake.

Dionisi alikuwa mvuvi na mchonga mitumbwi hapo kivukoni, chini kidogo ya Ifakara. Kwa miaka miwili Digna alimjua kwa shuka moja tu, la rangi ya udongo, analolifua kwa mchanga na kulivaa likiwa bichi. Harufu yake ilikuwa moshi na mbao mbichi. Mahali liliposhika mwiba Digna alilishona mwenyewe, kwa uzi mwekundu alioutoa kwenye pindo la leso ya marehemu bibi yake. Alipenda kuutazama ule mshono ukipita begani kwa Dionisi anapopiga kasia. Alikuwa akisema moyoni: pale nimeandika jina langu.

"Habari ya ndege?" Dionisi akauliza kutoka chini.

"Wewe nani?"

Akacheka. "Usinitanie, Digna. Leo ni siku ya posa."

"Sitanii. Nilikuwa nashuka nikimbie nikamwambie mama afiche kuku."

"Na sasa?"

"Sasa sijui nifiche nini."

Dionisi alitaka kupanda dungu kama kawaida yake, akashindwa. Viatu vilikuwa vipya, nyayo zinateleza kwenye ngazi ya miti. Akaketi chini kuvivua, na Digna akaona visigino vimechubuka, nyama nyekundu imenata kwenye ngozi ya kiatu. Alipofika juu, mafuta aliyojipaka kichwani yalikuwa yanamtiririka shingoni na kuingia kwenye kola. Yalinuka utamu mzito, kama tunda lililoiva likapita.

"Mbona pindo la kanzu limelowa tope?" Digna akauliza. "Njia kuu kavu hii, siku ya ngapi leo hakuna mvua."

"Nimepita mbugani. Njia ya mkato."

"Mbugani si mkato. Mbugani ni mzunguko."

"Wewe nawe, maswali kama katekista." Akatoa kifurushi kwapani, akakifungua polepole huku akimtazama machoni. "Nyamaza uone."

Ilikuwa doti ya leso, nyekundu na nyeusi, bado vipande viwili vimeshikana kama vilivyotoka dukani. Sitawadanganya nyinyi mnaosoma: ilikuwa nzuri. Mwanamke asiyetamani doti mpya sijamwona bado, na mimi mwenyewe simo. Digna aliigusa, na vidole vyake vilivyojaa udongo vikaona aibu.

"Kata," Dionisi akasema, akampa kisu chake cha kuparia samaki. "Kata hapa katikati. Moja ujifunge, moja ujitande. Nikuone mimi kwanza, kabla wazee hawajakuona."

Alimtazama kwa yale macho. Macho hayakuwa yamebadilika, yalikuwa yale yale ya kivukoni, na ndiyo yaliyomfanya Digna akishike kisu. Akakiweka kwenye mshikano wa ile nguo. Kisha akasikia maneno ya mama yake kana kwamba amesimama nyuma: *Doti isiyokatwa bado ya duka. Ukishaikata ni yako, na deni lake lako.*

"Rupia umepata wapi?" akauliza.

"Swali gani hilo leo?"

"Umeuza mtumbwi?"

"Mtumbwi upo. Unakaribia kwisha."

"Basi nitakata mbele ya mama," Digna akasema, akamrudishia kisu. Akaona uso wa Dionisi umeanguka, akamhurumia. Akamshika mkono. "Usinune. Doti si kitu. Mimi asante yangu nakupa kwa kile."

Alimwonyesha pembe ya shamba, upande wa mto, penye kijiti kimechomekwa na kitambaa kinapepea juu yake.

"Nilikiona jana asubuhi. Nikakijua, ni shuka lako, na uzi wangu nauona. Nikasema, huyu mtu amepasua nguo yake ya pekee aje kunitishia ndege. Dionisi, usiku sikulala kwa furaha."

Dionisi alikitazama kile kijiti. Mafuta yaliteremka shavuni, akayafuta kwa mkono wa kanzu.

"Ee," akasema. "Mwaka huu ndege wabaya."

* * *

Nyumbani, shangazi Balbina alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wa wageni kana kwamba anayeposwa ni yeye. Alikuwa dada wa baba yake Digna, na kwa kuwa baba alikufa ule mwaka wa njaa, baada ya vita vya maji, neno la ndoa lilikuwa mdomoni mwake. Alivaa leso mpya. Yake alikuwa ameshaikata tangu jana.

Mjomba wa Dionisi, mzee Donati, aliyekuja kama mshenga, alipanga vitu chini kimoja kimoja: gora zima la merikani, kilindo cha magome kilichojaa chumvi, shanga, na jembe jipya. Balbina aliliinua lile gora akaliweka puani, akafumba macho, akavuta. Merikani mpya ina harufu ya uji uliochacha, ni ule wanga wanaoipaka iwe ngumu. Alivuta kama mtu anayenusa pilau.

"Hiki ndicho kinachoitwa kuoa," akasema. "Wengine walikuja hapa na perege wakavu wawili na meno ya kuchekea."

"Shangazi, perege wenyewe uliwala wewe," Digna akasema.

"Niliwala kwa huzuni! Mwanangu, mwanamume hujulikana kwa kinachomtangulia mlangoni. Mtazame. Karani hasa!"

"Mama yuko wapi?"

"Ameenda kutazama shamba. Leo! Watu wanaweka gora, yeye anatazama majani. Ndiyo maana miaka yote nguo moja, mkeka mmoja, wali mkavu. Kandida anaishi kana kwamba dunia kaazimwa."

Maneno hayo yalikuwa uongo, na Balbina alijua. Kandida, mama yake Digna, alikuwa anasuka mikeka ya ukindu, na kwa mikeka hiyo alilipa kodi ya kibanda bila kuuza hata pishi moja ya mpunga. Ghalani kwake kila mavuno mpunga mpya uliukuta wa mwaka uliopita. Nguo yake ilikuwa na viraka, kweli, lakini alipita katikati ya njia, alisalimia kila mtu kwa jina, na usiku alikoroma. Ni wangapi tunakoroma hivyo?

Alikuja kutoka nyuma ya nyumba. Alikuwa ametoka shambani. Mkononi alishika kijiti chenye kitambaa.

"Shikamoo mama," Dionisi akasema, akainama mpaka shada la kofia likagusa mkeka.

Kandida hakuitikia. Mzee Donati akakohoa. Tangu Digna azaliwe hajawahi kuona mama yake akiacha shikamoo ya mtu ikianguka chini hivyo.

Kandida akakitupa kijiti juu ya gora la merikani.

"Huu mti wa nani?"

"Si wa kutishia ndege huo?" Balbina akasema. "Unachafua nguo!"

"Huu hautishi ndege, wifi. Huu unawaita. Unaita ndege wenye pishi na magunia." Akamgeukia Digna, na sauti yake ikashuka. "Wewe ulikuwa mdogo. Mwaka ule kabla ya vita, baba yako alichukua nguo dukani kwa mpunga ambao ulikuwa bado kijani. Mtu wa duka akapasua kipande cha nguo aliyoivaa baba yako, mwilini mwake, akakifunga kwenye mti, akauchomeka pembeni mwa shamba. Kila mtu aone ni nani. Shamba lenye mti ule hulikati mpaka pishi ya duka ifike. Ikafika. Walipima siku mbili. Mpunga ulipokwisha, walichukua ufagio wangu mwenyewe wakafagia uwanja, wakabeba na chenga. Chenga za kuku! Mmoja akapata punje zimenasa kwenye ufa wa kinu, akazichokonoa kwa ukucha, akazitia mfukoni, ananichekea."

Alitema mate pembeni, akasugua kwa mguu.

"Ukucha ule mpaka leo nikila nauona."

Digna hakumtazama mama yake. Alikuwa anamtazama Dionisi. Alikuwa anasubiri aseme si kweli, aseme ndege, aseme chochote.

"Dionisi. Ulimwonyesha mtu wa duka shamba la nani?"

"Digna, tuzungumze nje."

"La nani?"

"La... la kwetu."

"Kwetu wapi? Wewe una shamba?"

Dionisi akavua kofia. Bila kofia alionekana mtoto. "Sina. Mvuvi hana shamba. Nilimwambia nitalipa kwa samaki, akasema samaki wanaoza, hakopeshi kwa kitu kinachooza. Akaniuliza, unaoa wapi? Nikamwonyesha. Nikasema harusi ikipita nitavuna mimi mwenyewe, nitalipa, halafu nitavua samaki usiku na mchana, hamtajua hata..."

"Hatutajua," Kandida akasema. "Tungejua tukiwa tunatafuna nini? Shada la kofia?"

"Mama, vijana pale kivukoni walikuwa wananicheka. Wanasema naenda kuposa nanuka kambale. Na shangazi hapa aliniambia nikija na lile shuka atanifungulia mbwa."

Wote wakamgeukia Balbina.

"Nilisema kwa utani!" akasema Balbina, akijikusanyia leso kifuani. "Hata mbwa sina!"

Kwingine watu wangecheka. Digna alijisikia kama amemeza kitu kibichi. Lile deni peke yake angeweza kulivumilia, watu hukosea. Lakini alikumbuka pale juu ya dungu, mkono wake mkononi mwa Dionisi, anamshukuru, anamwambia hakulala kwa furaha.

"Ulinitazama," akasema taratibu. "Nilikuwa nakushukuru, nawe unanitazama. *Mwaka huu ndege wabaya.* Ulisema hivyo na mafuta yanakutiririka."

"Niliona aibu."

"Huoni aibu ya kuniibia chakula, unaona aibu ya kusema?"

"Nilifanya kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu?" Sauti ya Digna ikapasuka. "Miaka miwili, Dionisi. Niliwahi kukuomba nini? Taja. Shanga? Mwavuli? Nilikuomba nini?"

Dionisi akafikiri kweli kweli, midomo inacheza. "Hukuomba kitu."

"Niliomba uje. Basi. Na leo hujaja, amekuja huyu." Akamwonyesha kuanzia visigino vilivyochubuka mpaka nywele zinazong'aa. "Simjui huyu. Ananuka."

* * *

Digna ndiye aliyekusanya vitu. Gora halikuwa limekatwa. Jembe halikuwa na mpini. Doti yake aliikunja vile vile kama alivyoipokea, vidole vikikaa juu yake kidogo kuliko ilivyohitajika. Akamtwisha Dionisi mzigo kichwani, mwavuli juu.

"Tunapita njia kuu," akasema.

"Digna, huruma. Pale watu..."

"Nimeshajua kwa nini unapita mbugani. Mtu akidaiwa hujifunza njia zote za nyuma. Mimi sitaolewa kwenye njia za nyuma. Vaa viatu vyako twende."

Wakatembea. Digna mbele, Dionisi nyuma akichechemea, Kandida wa mwisho na kile kijiti mkononi kama fimbo ya mchunga ng'ombe. Vijana wa kivukoni walisimama na makasia yao. Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja alikuwa anafikiria kijiti chake kilipo.

Mwenye duka alikuwa barazani anatafuna tambuu. Alitema mate mekundu kwenye kopo, yakateleza ukingoni taratibu, akayafuta kwa kidole, na kwa kidole hicho hicho akafunua gora kutazama kama limeguswa.

"Hili napokea," akasema. "Doti, napokea. Chumvi, shanga, jembe, sawa. Mwavuli umefunguliwa, kanzu imevaliwa, viatu vina damu. Hivyo vyake. Na kuna leso ya shangazi."

"Ya shangazi atalipa shangazi," Kandida akasema. "Ana shamba lake, na ulimi wake. Mimi nimekuja kwa hiki." Akaweka kijiti juu ya meza yake ya kupimia. "Mwenye shamba ni mimi. Sikukopa. Nani alinipasua nguo?"

"Kijana alisema ni la kwao."

"Nami nasema hivi, na wanawake wale wanasikia." Chini ya baraza, karibu na mizani, wanawake sita waliokuja kuuza mpunga walikuwa wametua vikapu vyao. "Kama duka hili linachomeka miti kwenye shamba la mtu asiyekopa, hatujui kesho litachomeka la nani. Kuna maduka mengine, na miguu tunayo."

Mwenye duka aliwatazama wale wanawake, akatafuna, akatema. Kisha akafungua kile kitambaa kwenye kijiti akakitupa sakafuni kama uchafu.

"Deni lililobaki naliweka juu ya nini basi?"

"Mtumbwi," Dionisi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu watoke nyumbani. "Umebaki kulainishwa ndani. Weka juu ya mtumbwi wangu."

Mtu wa duka akainuka, akashika pindo la ile kanzu mpya, lile lenye tope, akalipasua. Nguo ililia, chwaaa, mpaka gotini. Dionisi alisimama wima wakati anapasuliwa. Hakumtazama mtu wa duka. Alimtazama Digna, na kwa mara ya kwanza siku ile Digna aliona kidogo sura ya yule mtu wa kivukoni. Moyo ukamuuma, na kichefuchefu bado kipo. Vyote viwili vilikaa pamoja, hakuna kilichomwondoa mwenzake. Mabinti zangu, msidhani kuacha kupenda ni kama kuzima taa.

Akainama akaokota kile kitambaa sakafuni.

"Nije lini?" Dionisi akauliza kwa sauti ya chini.

"Utakapoweza kupita njia kuu."

"Inaweza kuwa mwaka."

"Mpunga nao unakaa muda wake majini."

* * *

Mchana walirudi shambani. Kwelea walikuwa wameshakula upande mzima wa mto, masuke yamesimama matupu. Ndiyo hasara ya siku ile, na hakuna wa kuilipa. Mama na binti wakapanda dungu wakafungua jani la mgomba: wali mkavu wa jana, perege mmoja, chumvi.

Digna alikula matonge matatu, akaanza kulia bila sauti, wali ukiwa mdomoni.

"Unamtamani?" Kandida akauliza.

"Namtamani."

"Na kichefuchefu? Nilikiona usoni mwako."

"Bado nacho."

"Lia basi. Lakini rusha bonge, ndege hawajui kama umemwacha mtu."

Digna akarusha. Kundi likainuka kwa kishindo, likazunguka, likaenda kutua kwa mwingine. Akafuta macho, akatoa kile kitambaa pindoni, akaanza kufumua uzi mwekundu, mshono baada ya mshono, akiuzungushia kidoleni asiukate.

"Kitambaa chenyewe hakifai hata deki," Kandida akasema. "Uzi wa nini?"

"Ni mzima."

"Wa kushonea nini, nauliza."

Digna akaendelea kufumua. "Shuka lake limepasuka," akasema. "Akija nalo."

Kandida alimtazama mwanawe. Akasukuma kichwa cha perege upande wa Digna, penye minofu ya shavu, akachukua bonge yeye mwenyewe.

"Ndege hao," akasema.